Ukifuta nguzo, umechora anga

Siku hizi nguzo ya umeme haimharibii mtu picha ya machweo. Unaizungushia kidole kwenye simu, unahesabu moja mbili tatu, imetoka, na nyaya zake nazo zimetoka. Kazi ambayo zamani ilimkalisha mtu mbele ya kompyuta nusu saa sasa inaisha ukiwa bado umesimama palepale ufukweni Katonga, Kigoma, na mchanga miguuni. Tangu Google waweke kifutio hicho kwenye simu za Pixel 6 mwaka 2021, na programu ya Photoshop ianze kujaza mapengo kwa akili mnemba mwaka 2023, swali la "naweza kuitoa?" limekwisha. Limebaki la "niitoe?", na kwa sisi tunaopiga picha mwambao wa Kigoma hilo lina mambo yake.

Mabishano ya wapiga picha juu ya jambo hili huzunguka palepale. Mmoja anasema picha ni ushahidi, usiguse kitu. Mwenzake anamjibu: rangi umekoleza, giza umepunguza, pembeni umekata, leo nguzo ndiyo imekuwa dhambi? Wote wawili wanaangalia kilichotolewa. Mimi nadhani tuangalie kilichowekwa. Pale ilipokuwa nguzo hapabaki tundu. Panajazwa anga, na anga hiyo hakuna jicho lililoiona wala lenzi iliyoipokea. Programu imeikisia kutokana na pikseli (vitone vya rangi vinavyounda picha) za jirani au, kama ni akili mnemba, kutokana na mamilioni ya picha za kwingineko. Ukifuta, umechora. Sasa uliza umechora nini, na nani ataegemea hicho ulichochora.

Ndiyo maana kukata picha si sawa na kufuta, hata kama matokeo yanafanana. Ukikata pembeni ukaiacha nguzo nje ya fremu, picha haisemi lolote juu ya kilichoko nje. Kila mtazamaji anajua kuwa picha ina mwisho. Ukiifuta ikiwa ndani ya fremu, picha inatamka kwamba hapa, pembeni ya mwembe huu, hakuna kitu. Lakini anayekata naye asijione msafi. Ukipanda boti Kibirizi kwenda Gombe unaviona kwa macho vilima vya nje ya hifadhi vilivyolimwa na kukatwa miti, kisha mpaka, kisha msitu. Anayeelekeza lenzi ya milimita 200, ile inayovuta vya mbali, kwenye msitu peke yake halafu akaandika "mwambao wa Kigoma" amedanganya bila kugusa kifutio. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968 na ni ndogo. Mwambao ni mrefu. Andika "Gombe", uongo umekwisha.

Viko vya kufuta bila kuumiza kichwa. Vumbi lililotua kwenye kihisi cha kamera hutokea angani kama madoa ya kijivu ukibana tundu la lenzi hadi f/16. Ukifungua f/4 madoa hayohayo hayaonekani, kwa sababu kivuli cha vumbi kimetawanyika. Doa hilo halikuwa Kigoma, lilikuwa ndani ya kamera. Ni hivyohivyo kwa tone la maji lililorukia kioo ukiwa botini, na vile viduara vya rangi vinavyotokea jua likiipiga lenzi usoni. Hivi vitoe, wala huna haja ya kumweleza mtu.

Vitu tunavyoviita uchafu

Ugumu unaanza kwa vitu vilivyopo kweli ila mpiga picha havitaki. Kwa mwambao wetu vinajulikana: vichanja vya kuanikia dagaa, nyavu zilizotandazwa mchangani, madumu ya njano ya mafuta, injini za boti zilizofunikwa turubai, akina mama wanaofua, mabati, mnara wa simu. Ukiviondoa vyote unabaki na maji, mawe na milima ya Kongo ng'ambo. Picha nzuri, hakuna ubishi. Ila umechora ziwa ambalo hakuna anayelitumia, na hilo ndilo ziwa linalouzika kwa mgeni. Likishazoeleka machoni, mvuvi akitokea kwenye picha anaonekana mvamizi mahali pake mwenyewe, na kichanja cha dagaa kinaonekana takataka iliyosahauliwa kuzolewa. Siku mwekezaji na wavuvi watakapobishania ufukwe, picha hizo zitakuwa zimekwisha kuupigia kura upande mmoja.

Chukua mfano wa usiku. Mpiga nyota anataka usiku usio na mwezi, tundu la lenzi f/2.8, ISO 3200 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), shata, yaani muda wa kuupokea, sekunde 15 hadi 20. Mvuvi wa dagaa naye anautaka usiku huohuo, maana mbalamwezi ikiwa kali taa yake haivuti dagaa. Kwa hiyo usiku wa nyota ndio usiku wa taa: zamani karabai, sasa taa za betri na sola, zimejipanga ziwani kama mji mwingine. Ndani ya sekunde 20 kila taa inayumba na wimbi na kuacha mchirizi mnene, na mwanga wake unapaka anga ya chini. Wengi wanazifuta. Matokeo yake ni Njia Nyeupe imesimama juu ya maji meusi ti, na mwenyeji akiitazama anajiuliza kulikuwa na upepo gani siku hiyo hata watu wasishuke ziwani. Au ziwa lilikuwa limefungwa?

Swali hilo si la mzaha, kwa sababu limewahi kufungwa kweli. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Picha ya Julai 2024 yenye maji meusi usiku wa giza ni kumbukumbu ya miezi ile mitatu. Picha ya Julai 2023 iliyofutwa taa inafanana nayo kama pacha. Mtu atakayezikuta zote mbili mwaka 2040, akiwa anaandika historia ya uvuvi wa ziwa hili, hatakuwa na njia ya kuzitenganisha isipokuwa faili ghafi (picha kama zilivyotoka kwenye kamera) zipo na maelezo yameandikwa.

Kama kinachokukera ni michirizi, kuna njia isiyofuta mtu. Kamera ikiwa kwenye tripodi, bila kuisogeza, piga fremu ya pili ya sekunde 1 au 2 kwa ISO 800, kwa ajili ya maji peke yake. Taa zitatoka vitone. Iweke fremu hiyo juu ya ile ya nyota kama leya, yaani tabaka, ficha sehemu yake ya anga kwa barakoa (kifuniko cha leya) laini inayoanzia juu kidogo ya upeo, basi. Ni picha ya fremu mbili na itabidi useme hivyo, lakini kila kilichomo kilikuwepo, na wavuvi wako kazini.

Mfano mwingine ni miti mikavu iliyosimama majini. Ziwa lilipanda sana miaka ya 2020 na 2021, likameza fukwe, nyumba na miti ya kandokando. Kigogo kikavu kinachochomoza mita kumi kutoka ufukweni kinavuruga mpangilio wa picha, nakubali. Lakini ndicho kipimo cha bure kinachoonyesha nchi kavu ilikuwa inaishia wapi. Kimo cha Tanganyika kina historia ndefu ya kubadilika: mwaka 1878 maji yalipasua mlango wa mto Lukuga upande wa Kongo na ziwa likashuka kwa mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Kwa mambo ya namna hiyo watafiti huokoteza chochote kinachoonyesha mstari wa maji, picha za mandhari zikiwemo. Picha yenye tarehe, mahali na kigogo chake ina kazi ambayo picha safi haitaiweza. Mimi kigogo sifuti hata kwa picha ya ukutani. Ni msimamo wangu tu, simlazimishi mtu.

Plastiki ni habari tofauti. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kuanzia 1 Juni 2019, lakini chupa na vifuniko bado vinasukumwa ufukweni na mawimbi. Chupa moja mbele ya fremu? Iokote. Ukiiokota kwa mkono mahali penyewe pamekuwa safi na picha imesema kweli. Ukiifuta kwa simu umepiga picha ya usafi na chupa umeiachia ziwa. Isipokuwa kama umetumwa kupiga picha za uchafuzi, hapo usiokote, usiongeze, usipange.

Watoto wanaooga ufukweni nao wanahitaji sentensi yao. Hapa nageuka kabisa: kama wamo kwenye fremu yako ya ziwa bila nguo, kuwafuta ni afadhali kuliko kuwaweka mtandaoni, na kuliko kuwafuta ni afadhali kutobonyeza. Aliyeonekana hakuombwa. Hakuna uaminifu kwa mandhari unaozidi hilo.

Kuondoa bila kifutio

Vitu vingi vinavyofutwa vingetoka kwa miguu. Kamera za simu huwa na lenzi pana, kiasi cha milimita 24 hadi 26 kwa kipimo cha kamera kubwa, na lenzi pana huvuta kila waya wa jirani. Ukienda milimita 70 nguzo ya kushoto na paa la kulia vyote viko nje. Ukishusha kamera usawa wa goti, jiwe au majani ya mbele yanaweza kuficha waya wa chini. Ukisogea hatua mbili, nguzo inaingia nyuma ya shina la mwembe. Saa nayo inasaidia: wavuvi wa usiku huondoka kabla jua halijazama, kwa hiyo mwalo uliojaa mitumbwi saa kumi na moja jioni unaweza kuwa mtupu saa moja, na utupu huo ni wa kweli.

Kwa watu wanaopitapita kuna njia mbili, na zote zina mitego.

Ya kwanza ni shata ndefu kwa filta ya giza, kioo cheusi kinachovalishwa lenzi kupunguza mwanga. Filta ya stopu 10 inazidisha muda mara 1,024: kama kipimo bila filta ni 1/60 ya sekunde, ukiivalisha kinakuwa kama sekunde 17. Ya stopu 6 inazidisha mara 64, kwa hiyo 1/60 inakuwa sekunde moja hivi, na hiyo haitoshi kumpoteza mtu anayetembea, itamgeuza moshi. Anayetembea sekunde 17 hupotea. Aliyesimama anashona wavu hapotei. Anabaki kivuli chenye kichwa kisicho na uso, na huyo ni mbaya kuliko mtu mzima. Mitumbwi iliyofungwa inayumba na kuwa ukungu wa mbao. Maji yanalainika kama maziwa, na Tanganyika siku ya upepo wa kusi si maziwa. Tega kamera, weka fokasi kwanza kabla ya kuvalisha filta, kisha ifunge isijibadilishe, maana kamera nyingi haziwezi kufokasi gizani.

Ya pili ni mediani. Tega kamera, funga kila kitu kwa mkono: tundu, shata, ISO, fokasi, mizani ya rangi nyeupe (White Balance). Piga fremu 15, kila moja sekunde 15 baada ya nyingine. Kwenye Photoshop zipakie zote kama leya za hati moja, zipange zilingane, zigeuze kuwa kitu mahiri (Smart Object) kimoja, kisha kwenye hali ya rundo (Stack Mode) chagua mediani. Programu inachukua kila pikseli, inapanga thamani zake 15 kuanzia ndogo hadi kubwa, na kuchukua ya katikati. Kitu kilichokaa mahali pamoja chini ya nusu ya fremu kinapotea. Kilichokaa zaidi ya nusu kinabaki. Ndiyo maana muuza mihogo aliyeketi habanduki, na ndiyo maana kupiga fremu 15 ndani ya sekunde 20 hakusaidii: watu hawajasogea vya kutosha. Mawingu yanayokimbia yatavurugika, hivyo chukua anga kutoka fremu moja tu.

Mediani inapendwa na wenye dhamiri, kwa hoja kwamba kila pikseli ilipigwa kweli. Ni kweli, na ni hoja nzuri kuliko ya kiraka kilichotungwa. Lakini inadanganya kwa upande wa saa. Kibirizi saa nne asubuhi, boti zinapakia, mizigo inashushwa, na picha haina mtu hata mmoja: mahali hapo, saa hiyo, hakujawahi kuwa hivyo. Nalo linaandikwa kwenye maelezo kama kiraka kingine chochote.

Ukiamua kufuta, futa vizuri

Kiraka kibaya ni kosa mara mbili, kwani kinadanganya na hakifichi. Anza kwa kutengeneza leya tupu juu ya picha na ufanyie kazi yote humo, zana ikiwa imewekwa kuchota kutoka leya iliyopo na ya chini yake. Hivyo picha ya asili haiguswi, na mtu akikuuliza ulitoa nini unazima leya moja anaona. Hilo peke yake ni sababu ya kutofanyia simuni kazi yoyote ya maana: simu nyingi hukuachia picha iliyokwisha kuokwa, huwezi kufungua na kuonyesha.

Waya wa umeme angani: tumia brashi ya kuponya (Healing Brush), unene wake uzidi waya kidogo tu, fanya vipande vifupi. Bofya mwanzo wa kipande, shikilia Shift, bofya mwisho, inanyooka yenyewe. Chota kutoka kushoto au kulia kwa usawa uleule, kamwe si juu au chini, kwa sababu anga ya jioni hubadilika rangi kila unaposhuka kuelekea upeo, na kiraka kilichotoka juu kitaacha mkanda wa bluu ndani ya chungwa. Waya unapokatiza mgongo wa mlima, acha brashi ya kuponya. Zana hiyo inachanganya mwangaza wa kando, na penye mpaka mkali wa giza na nuru inatema tope la kijivu. Hapo kuza hadi asilimia 200, chukua kloni (zana inayonakili kipande kama kilivyo) yenye ugumu wa asilimia 70 au 80, na ujenge mstari wa mlima pole pole.

Maji ndiyo yanayoaibisha watu. Mawimbi ya karibu ni makubwa na ya mbali ni madogo, kwa hiyo kiraka cha mtumbwi ulioko mita 50 lazima kitoke kwenye maji yaliyo umbali uleule. Ukichota karibu na miguu yako, unapata jamvi la mawimbi makubwa limetandikwa katikati ya ziwa. Halafu kuna taswira ya kitu majini, na kivuli chake. Mtumbwi umetoka, taswira yake imebaki inaning'inia chini ya hewa: hilo utaliona mtandaoni kila wiki.

Meli ni mfano mzuri wa vitu vidogo vinavyosaliti. MV Liemba, ile iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kuja kuunganishwa Kigoma, inapendwa sana na wapiga picha. Bandari ni eneo lenye ulinzi, omba ruhusa kwanza. Ukifuta gati ili meli ionekane peke yake majini, umebaki na kamba zinazotoka ubavuni na kuishia hewani. Ukifuta kamba, zimebaki ngazi na matairi ya kukinga ubavu. Ukifuta hayo, taswira ya gati bado iko majini, na mwanga wa gati bado umeupaka ubavu rangi ya saruji. Kila ulichochora kinadai uchore kingine. Huko mwisho meli inaelea bila nanga, bila moshi, bila mkondo nyuma yake, na baharia akiiona anacheka. Kwa kazi hiyo yote ungepanda boti ukaipiga kutoka upande wa ziwa.

Akili mnemba ina aibu zake za pekee. Inajaza kwa kawaida ya picha ilizofundishwa, na picha nyingi za fukwe duniani ni za bahari. Futa vichanja vya dagaa unaweza kuletewa mchanga mweupe kama wa Nungwi, mti mfano wa mnazi, au gati la mbao lisilojulikana lilipo. Soma kiraka chote kwa ukubwa wa asilimia 100 kabla ya kukikubali. Kwa matoleo ya mwanzo ya Photoshop ya mwaka 2023, kiraka kilitoka na pikseli 1,024 kwa 1,024 kisha kikavutwa kujaza eneo kubwa, ndiyo maana kwenye bango kinaonekana butu pembeni ya maji makali. Gawanya eneo vipande vidogo. Na chembechembe ambazo ISO kubwa huziacha kwenye picha hazipo ndani ya kiraka. Usipoziongeza kinang'aa kama plasta mpya ukutani.

Ukimaliza, weka juu ya zote leya ya muda ya kuongeza kontrasti kupita kiasi. Anga iliyoonekana laini itaonyesha mabaka yake yote. Geuza picha kushoto kulia, jicho litashtuka penye kasoro. Kisha ipunguze iwe ndogo kama stempu: hapo ndipo mawimbi mapacha uliyonakili mara tatu yanajionyesha.

Kuondoa ukungu nako ni jamaa wa karibu. Kuanzia Juni hadi Septemba vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa hufunika ng'ambo, na milima ya Kongo haionekani siku nyingi. Ukivuta kitelezi cha kupunguza ukungu hadi 20 au 30 unafufua mlima uliopo ndani ya faili. Ukivuta hadi 80 na haujatokea, usiuumbe kwa akili mnemba halafu ukaandika "Agosti". Wenyeji wanajua Agosti inafananaje.

Mteja anapokuomba

Maombi mengi huja kwa WhatsApp: "Kaka, picha zimetoka poa sana. Naomba tu unitolee ile nguzo na zile nyavu, na hao watu kule nyuma. Ni za brosha." Kumjibu kwa hotuba ya maadili ni kumpoteza. Muulize kitu kimoja: mgeni akifika, atakikuta? Gari lililoegeshwa siku ile hatalikuta, litoke. Mafundi wanaopaka rangi hawatakuwepo, watoke. Nguzo iliyo mbele ya dirisha la chumba anachokilipia ataikuta, na mwalo wa jirani ataukuta, pamoja na harufu yake na kelele za alfajiri mitumbwi inaporudi. Jibu linaweza kuwa: "Sawa dada, gari na ndoo natoa leo. Nguzo nakushauri tuiache au nije nipige upande wa bustani, haitaonekana kabisa. Mgeni akiikuta atalalamika kwako, siyo kwangu." Mara nyingi anakubali, kwa sababu malalamiko ya mgeni anayajua kuliko wewe.

Picha ya kupamba ukuta ina uhuru mpana zaidi. Andreas Gursky alifuta majengo na watu waliokuwa wakitembeza mbwa kwenye picha yake ya mto Rhein ya mwaka 1999, akabaki na mistari ya majani, maji na anga. Mwaka 2011 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 4. Hakuficha alichokifanya, na aliyenunua hakununua ramani. Ansel Adams naye, kwenye picha yake ya alfajiri ya Lone Pine ya mwaka 1944, alizifuta herufi L na P ambazo wanafunzi wa pale walikuwa wamezichora kwa mawe meupe mlimani. Walimlaumu wengine, yeye akashikilia kwamba hakuona sababu ya kuziweka. Ningekuwa mwanafunzi wa Lone Pine ningeudhika.

Mashindano na magazeti hayana uhuru huo. Mwaka 2012 mshindi wa shindano la mandhari la Uingereza, David Byrne, alinyang'anywa ushindi wenye zawadi ya pauni 10,000 kwa picha ya mashua za Lindisfarne, baada ya kubainika kuwa mashua za nyuma zimefutwa na mawingu yameongezwa. Alisema hakuwa amesoma kanuni vizuri. Mwaka 2014 shirika la habari la AP liliachana na mpiga picha wake Narciso Contreras kwa kufuta kamera ya video iliyotokea kwenye kona ya picha ya vita ya Syria. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo, pembeni, hakikubadilisha habari. Kwa vyombo vya habari, udogo huo si kigezo: msomaji akijua kona moja imechorwa, ataitilia shaka katikati pia.

Maelezo ya picha ndiyo yanayookoa, lakini yawe maelezo. "Imehaririwa kidogo" haimwambii mtu chochote, ni kama kunawa vidole viwili. Andika kilichotoka na kilichofanyika: "Machweo, Katonga, Kigoma, Julai 2025. Nguzo mbili na nyaya zimeondolewa." Au: "Kibirizi asubuhi. Fremu 15 zimeunganishwa. Watu na boti zilizokuwa zinapita hazionekani." Sentensi moja inatosha, iwe chini ya picha yenyewe, isiwe kwenye ukurasa wa "kuhusu mimi".

Iandike pia ndani ya faili, kwenye sehemu ya maelezo ya IPTC (maandishi yanayosafiri ndani ya faili ya picha), programu ya Lightroom inayo. Hifadhi vitu vitatu kwa jina moja: faili ghafi, faili yenye leya, na ile ya kutoa, kwa mfano 20250712_katonga_03, kisha ongeza "ghafi", "leya" au "toleo" mwishoni. Na ukimtumia mteja au mhariri kwa WhatsApp, usitume kama picha. WhatsApp huikandamiza na kuyafuta maelezo yaliyomo ndani, tarehe na kila kitu, kisha picha inasambaa ikiwa yatima. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua hati, tuma faili yenyewe. MB zitaongezeka, lakini maelezo yatafika.